Mti Jike wa Hulugho

Maelezo ya mmea hukamilika lini? Niliulizwa swali hili asubuhi ya kwanza niliyoripoti kazini Garissa, nikiwa na shahada mpya ya botania, viatu visivyofaa kwa mchanga wa kule, na imani kwamba nilikuwa nimekwisha kusoma kila kilichostahili kusomwa. Nimestaafu mwaka huu, kabla ya umri wa kisheria, kwa sababu mama yangu kule Taita hawezi tena kupanda ngazi za nyumba yake peke yake. Nimelichukua swali hilo nikaondoka nalo. Vijana wanaoingia katika kazi hii wameniomba niwaandikie jinsi tulivyoifanya, nami naona ni haki wajue tangu mwanzo kwamba kuna jambo moja la msingi ambalo sikulipatia jibu.

Aliyeniuliza alikuwa Mkuu wa Kituo, mtu mrefu aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine imepachikwa juu ya paji la uso. Kazi ya kituo ilikuwa kukusanya mimea ya malisho ya Garissa na Wajir, kuikausha na kuieleza kwa Kiswahili, ili maafisa wa mifugo na walimu wapate kitabu cha kuitambulia. Aliniwekea tawi la mgunga mezani.

“Eleza.”

Nikaandika: majani madogo ya kijani, miiba mingi. Akasoma, akavua miwani ya machoni, akashusha ile ya pajini, akasoma tena.

“Umeeleza nusu ya mkoa huu, binti yangu,” akasema. “Nikimpa mtu karatasi hii aende kuutafuta mti wako, atarudi na msitu.”

Siku nzima ile tulikaa na tawi moja. Alinifundisha kwamba vile vipande vidogo nilivyoviita majani havikuwa majani. Jani la mgunga ni kitu kizima, kikonyo na vyote vinavyoning'inia juu yake, na vile vipande ni vijani vyake tu. Ukitaka hakika, tazama pale kikonyo kinapoungana na tawi: jani la kweli lina chipukizi changa kwapani mwake, kijani hakina. Kisha tukaingia kwenye miiba. Kiswahili cha kawaida kina neno moja, lakini mwiba mmoja ni tawi lililofupika na kuchongoka, nao una mbao ndani. Mwingine ni sehemu ya jani iliyogeuka, nao hukaa kwa jozi chini ya kikonyo. Wa tatu ni ngozi ya gome tu, ukiusukuma kwa kidole gumba hubanduka na kuacha kovu safi. Nilichomwa na aina zote tatu kabla ya saa ya chakula.

“Sasa unaanza kueleza,” akasema Mkuu wa Kituo, akinipa pamba ya kufutia damu.

Siku hiyo hiyo ndipo nilipokutana na dereva wa kituo, Bare, ambaye angeniendesha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka michache, mwenyeji wa upande wa Hulugho, karibu na mpaka. Alinitazama nikipuliza vidole.

“Madam, sisi hapa miti tunajua kwa mambo matatu,” akasema. “Ngamia anakula. Mbuzi anakula. Hakuna anakula. Hiyo kitabu yenu itakuwa na kurasa ngapi?”

Mwaka uliofuata tulipelekwa Modogashe, kwenye njia panda ya barabara ya Isiolo, chini ya Afisa wa Nyanda za Malisho. Huko ndiko nilikojifunza kukausha. Mmea hulazwa kati ya magazeti, magazeti kati ya makatoni, na vyote hukazwa kwa mikanda kati ya fremu mbili za mbao tunazoziita presi. Karatasi hubadilishwa kila siku, ama sivyo ua huoza na kuacha doa la kahawia. Kwa kuwa rangi, harufu na utomvu hupotea mmea unapokauka, hayo huandikwa kwanza, palepale ulipochumwa: petali zina rangi gani, utomvu ni maji au maziwa, jani likifikichwa linanuka nini. Nilipokuwa mgeni niliandika “harufu nzuri.” Afisa akanirudishia. “Nzuri kwa nani? Andika limau, andika mafuta ya taa, andika beberu. Nzuri ni habari zako wewe.”

Madereva wa malori waliokwama pale njia panda walizoea kuja kwenye turubai letu wakitaka kusoma magazeti kabla hatujayatia majani. Mmoja alikataa kurudisha ukurasa wa michezo mpaka amalize, na Afisa akasimama na mmea mkononi, akingoja kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni ya posta.

Griftu, upande wa Wajir, tulikaa zaidi. Huko mbuzi walikuwa wakifa kwa kula kichaka fulani, na Mkuu wa Idara aliagiza tuwaeleze wafugaji sokoni jinsi ya kukitambua. Nikasimama mbele ya watu nikasema jani lake lina umbo la yai, ukingo wake ni wa msumeno, ncha yake imechongoka. Mwanamke mmoja muuza maziwa, aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake, akainua mkono.

“Yai ya nani?”

“Yai la kawaida, mama.”

“Kawaida ya nani? Hapa kuna mbuni. Yai ya mbuni ni duara. Ya kuku ina kichwa na ina kitako. Sema fizuri, abaayo, tusiue mbuzi ya watu.”

Soko zima likacheka, nami nikacheka nao, maana alikuwa amegusa kile hasa tunachokitaka: jani la umbo la yai ni pana karibu na kikonyo na jembamba kuelekea ncha. Tangu siku hiyo Bare aliacha kuniita madam. Akaniita abaayo, yaani dada, na kila tulipokuta jani jipya aliuliza kwa uso mkavu, “Kuku au mbuni?”

Nimeyaeleza haya ili muone kwamba msamiati wa kazi yetu si pambo. Kikonyo, ukingo, kitako, ncha, kijani, petali za ua, sepali zinazozizunguka, stameni zenye chavua, ovari inayogeuka tunda: kila neno ni mahali pa kusimamisha jicho. Mtu asiye na neno la kitu hupita juu yake. Nimewaona wanafunzi wangu wakitazama mti waliokua chini yake, na walipopewa neno “vinyweleo” wakaona kwa mara ya kwanza kwamba majani yake yana manyoya upande wa chini. Lakini pia nimeona mtu akiridhika na neno akaacha kutazama. Mimi mwenyewe niliridhika hivyo miaka mingi, hasa nilipopanda cheo na kuanza kuwasahihisha wengine.

Sasa nije kwenye mti mmoja, ambao ndio uliofunga kazi yangu.

Tulikuwa tumerudishwa Garissa, nami nimeshakuwa Mkuu wa Kituo, nilipouona kwa mara ya kwanza kwenye vichaka vya mbele ya Hulugho. Ulikuwa wa jamii ya manemane, miti ile mifupi yenye utomvu wa kunukia ambao wenyeji huukusanya na kuuza. Nchi ile imejaa jamaa zake, na asiyezoea huona wote kuwa mmoja. Huu ulikuwa tofauti, nami sikuukuta katika kitabu chochote. Vijani vyake vilikuwa vitatu kama vya wengine, lakini cha kati kilikuwa na kikonyo chake chenyewe, kirefu, na ukingo wenye meno ya duara. Miti ya jamii hii ina dume na jike, kama mipapai: mti mmoja hutoa maua yenye chavua tu, mwingine maua yenye ovari tu, na huo wa pili ndio unaozaa. Hutoa maua mwanzoni kabisa mwa mvua, kabla ya majani, kwa muda mfupi mno. Nikapata madume kadhaa. Jike sikuliona.

Nilipompelekea sampuli Mtunza Mkuu wa jumba la mimea mikavu Nairobi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini isiyopanda hata akikasirika, alinipigia simu.

“Mwanangu, naamini unachokiona. Lakini bila ua la kike sina pa kushika. Nitauweka pamoja na jirani yake mpaka uniletee.”

“Nikikuletea picha?”

“Picha sitaikataa, nitaitazama kwa furaha. Lakini mti haupewi jina kwa picha. Unapewa kwa tawi lililokauka, lenye ua juu yake, litakalokaa kabatini mimi na wewe tukiwa hatupo.”

Hivyo nikawa na haja moja. Ungeniuliza wakati ule ninataka nini kabla ya kustaafu, ningesema: tawi jike la mti ule, lenye ua. Sikuwahi kugundua mmea mwingine wowote ambao haukuwa na jina. Kisha ukaja ukame, misimu miwili bila mvua, na sehemu kubwa ya vichaka vile ikasimama kama kuni.

Mvua za Gu, yaani za masika, zilipoanza mwaka huu, barua yangu ya kustaafu ilikuwa imeshakubaliwa. Tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya kituo, Bare na mimi, yeye akiwa amechutama karibu na gurudumu la gari.

“Abaayo,” akasema, “mti yako, ile jike. Mimi najua iko wapi.”

Nilidhani anatania. Nikamuuliza ameuona lini.

“Zamani. Kabla wewe ulianza kutafuta.” Akazungusha kikombe. “Iko juu ya kaburi ya Sahra.”

Sahra alikuwa binti yake wa kwanza. Alifariki akiwa mdogo, kabla sijaripoti kazini, wakati familia ilipokuwa ikihama na mifugo, wakamzika pale walipokuwa. Hayo niliyajua. Mti sikuujua. Naye akanieleza, bila haraka, kwa nini alikuwa amenyamaza: watu wa kwao huamini kwamba kila kilicho kibichi humsabihi na kumtukuza Mwenyezi Mungu, na kwamba mti mbichi ukisimama juu ya kaburi, yule aliyelala chini hupata raha kwa tasbihi ya mti huo. Kwa hiyo tawi la kaburini halivunjwi. Habiba, mkewe, alikuwa amelizungushia kaburi lile boma la miiba ili mbuzi wasifike.

“Na kwa nini unaniambia leo?”

“Kwa sababu unaenda. Nimekuendesha miaka yote hiyo unatafuta kitu mimi nimejua. Imekuwa nzito kwa mimi.” Kisha akaongeza, “Kuuliza Habiba, mimi siwezi. Uliza wewe.”

Tulifika kwao mchana, baada ya kupata ruhusa na askari wa kutusindikiza. Habiba alitupokea kwa maziwa ya ngamia, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyoanza kufifia. Kiswahili chake kilikuwa salamu tu, hivyo Bare alitafsiri. Nilipotaja mti, uso wake ukabadilika. Akasema maneno machache, Bare akanitafsiria.

“Anasema mti imekufa. Misimu mbili hakuna jani. Juzi mvua imekuja, miti ingine zote zimeanza, hii bado. Anasema amekuwa anamwagia maji, dumu kwa dumu, kutoka kisimani.” Akakohoa. “Anasema mtoto amebaki peke yake.”

Nikajifunga leso vizuri, nikawafuata. Nilisimama nje ya boma mpaka Habiba alipoondoa tawi la miiba mlangoni na kuniita kwa mkono. Kaburi lilikuwa dogo, limepangwa mawe. Mti ulikuwa umeinama juu yake, kijivu tupu, gome la nje limechanika na kuning'inia kama karatasi kuukuu. Nilielewa kwa nini yeyote angesema umekufa.

Lakini gome ni miongoni mwa mambo ya kwanza tunayoyaeleza, na gome la jamii hii nililijua. Nikashika karatasi moja iliyokuwa tayari imebanduka, nikaiinua kwa ukucha bila kuing'oa. Chini yake shina lilikuwa la kijani, kijani kibichi chenye unyevu, kama ganda la embe changa.

Habiba akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Nikainua karatasi nyingine juu zaidi, na nyingine kwenye tawi dogo. Kote kijani.

“Mwambie,” nikamwambia Bare, “mti huu ukiangusha majani, shina ndilo linalofanya kazi ya majani. Linafanya hivyo chini ya hiyo karatasi, hata wakati wa ukame. Haukufa. Na hapa, ashike hapa.” Nikauongoza mkono wake kwenye vifundo vya tawi, ambako matumba yalikuwa yamejaa, madogo kama punje za mtama. “Haya ni maua. Kesho yatakuwa wazi.”

Bare alitafsiri. Habiba akauliza neno moja, Bare akalileta kwangu.

“Anauliza, hata wakati ya ukame? Haikuacha hata siku moja?”

“Haukuacha.”

Akaweka viganja vyake viwili kwenye shina, akakaa hivyo. Bare akageuka akatazama upande wa ngamia. Baadaye Habiba akajifuta kwa ncha ya shuka, akanishika mkono, akasema kwa Kisomali jambo refu, na mwishoni akanionyesha tawi moja lililokuwa juu kidogo, lenye matumba mengi.

“Anasema kata,” akasema Bare. “Ile moja. Anakupa na moyo safi. Anasema wewe umemrudishia mtoto.”

Nilishukuru. Nikasema nitakuja asubuhi, matumba yakifunguka. Na nataka kuwa mkweli kwenu: furaha niliyokuwa nayo jioni ile haikuwa ya Habiba. Nililiona tawi likiwa limebandikwa kwenye karatasi nyeupe, nikalisikia jina ambalo Mtunza Mkuu angenisaidia kulitunga. Nilikuwa na ruhusa ya wizara, ruhusa ya kaunti, na sasa ruhusa ya mama mwenye kaburi. Hakuna aliyebaki wa kuombwa.

Lakini nilipojilaza kwenye mkeka waliokuwa wamenitandikia, maneno yangu mwenyewe yalianza kunirudia. Nilikuwa nimemwambia kwamba kila tawi, mpaka lile dogo la mwisho, ni bichi na linafanya kazi. Yeye aliyapokea kama habari za tasbihi ya mwanawe, na kwa shukrani ya habari hiyo akanipa moja ya yale matawi. Alikuwa amenipa kile kile nilichokuwa nimetoka kumwonyesha. Angenipa chochote saa ile. Mtu akiwa katika furaha ya namna hiyo, anayepokea ndiye anayepaswa kupima. Nilijua pia hasara ya kutokata: mti utabaki kabatini kwa jina la jirani, na mwingine, siku nyingine, atakuja na tawi kutoka kwa jike lingine, na jina litakalofuatana nao halitakuwa na mkono wangu. Nilikaa na hasara hiyo mpaka nikaizoea kidogo, kisha nikalala.

Asubuhi umande ulikuwa bado kwenye mawe. Mkasi wa kupogolea na presi niliviacha garini, nikachukua lenzi ya mkono, kamera, daftari na kalamu. Habiba alikuwa ametangulia. Alinitazama mikono, akamwambia Bare kitu.

“Anasema umesahau mkasi.”

“Mwambie sikusahau. Mwambie nitalisoma tu tawi, likiwa hapo lilipo.”

Bare akasogea karibu. “Abaayo, na yule mama ya Nairobi?”

“Atatazama picha kwa furaha.”

Akacheka kwa pua, kisha akamweleza mkewe. Habiba alisogea akalikamata lile tawi kwa mikono miwili, akalivuta chini pole pole mpaka maua yakawa usawa wa jicho langu, akalishikilia pale bila kulitikisa. Nikaweka lenzi, nikaanza kusoma kwa sauti huku nikiandika, na Bare nyuma yangu akiyatia maneno katika Kisomali. Ua ni la kike. Liko peke yake kwenye kifundo, au mawili pamoja. Kikonyo ni kifupi, kina vinyweleo vyekundu. Sepali zimeungana kama kikombe. Petali ni nne, za manjano yenye kijani, ncha zimekunjukia nje. Stameni zipo, lakini ni tasa, hazina chavua. Ovari iko katikati, ya kijani, imejaa. Harufu ni ya limau lililokatwa.

Nilipomaliza nikaondoa lenzi. Habiba akalegeza mikono kidogo kidogo, na tawi likarudi juu mahali pake.